Ratiba Ninayo, Akili Ndiyo Bado

Jamani, ule mtihani wa GMAT wa kuingilia MBA narudia tena. Msiniulize mara ya ngapi. Mama mwenye nyumba ameshaniuliza, na yeye alikuja kudai kodi tu.

Ule wa zamani alama ya chini kabisa ilikuwa 200. Nilipotangaza nyumbani kwamba nimepata 280, shangazi akachinja kuku. Alidhani ni kati ya mia. Nikala. Ningesemaje?

Mwishoni mwa 2023 wakaleta mpya. Insha wametoa. Jiometri wametoa. Nikashangilia weee! Kumbe ndivyo nilivyokuwa navibahatisha. Sasa kuna hesabu, lugha na uchambuzi wa data, dakika 45 kila kimoja, maswali 64 jumla. Kwenye hesabu kikokotoo marufuku. Halafu kompyuta yenyewe ina roho mbaya: ukipatia, inakuletea gumu zaidi. Mimi ya kwangu ilikuwa inanirahisishia tu. Nikasema afadhali, ina huruma. Kumbe imeshanikatia tamaa.

Safari hii nimejipanga. Nimenunua manila na kalamu za rangi, nimechora ratiba, nimebandika sebuleni. Saa kumi na moja alfajiri, aljebra. Kwenye daladala, ufahamu. Usiku, data. Wageni wanaisifia. Shida ni kwamba saa kumi na moja ndipo maji yanatoka, na aljebra haijazi pipa. Kwenye daladala la Mbagala nimesimama, kitabu kiko juu, uso uko kwapani kwa mtu. Usiku umeme unakatika. Ukirudi, na mimi nimeshakatika.

Jana nikakaa na maswali kweli. Swali: x ni ngapi? Taarifa ya kwanza, x mara x ni 9. Taarifa ya pili, x ni zaidi ya sifuri. Hawataki jibu, hao watu. Wanataka useme taarifa ipi inatosha kulipata. Mimi nikasema kwa sauti, ya kwanza inatosha, x ni 3, tuendelee!

Binti yangu wa Form Two alikuwa anapita na chapati mdomoni. Hata hakusimama. "Baba, na hasi 3 je? Hasi mara hasi ni chanya. Zinahitajika zote mbili." Akaenda jikoni kuongeza chai.

Mke wangu akaamua hapo hapo: huyo ndiye mwalimu wako. Ada, chipsi mayai, inalipwa kabla ya kipindi. Jana jioni kanipa zoezi la maswali kumi. Leo kakagua, kakuta mawili, na moja nimenakili nyuma ya kitabu. Kafunga daftari taratibu, kanitazama.

"Kesho uje na mzazi."

Nimempigia mama, yuko Korogwe. Amecheka mpaka salio langu likaisha.