Jinsi ya Kuzima Ofisi Nzima kwa Waya Mmoja

Kwanza tafuta waya wa mtandao uliosahaulika. Hauko mbali: kila chumba cha mikutano kina mmoja, kichwa kimoja kiko ukutani, kingine kinaning'inia chini ya meza. Uonee huruma. Mtu mstaarabu haachi waya ukining'inia, kwa hiyo kichomeke kichwa cha pili kwenye tundu la jirani, palepale ukutani. Waya ukikosekana, simu ya mezani inatosha. Ina matundu mawili nyuma, na ukuta una mawili, hesabu inakuita.

Yaliyobaki yaachie swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya zote za mtandao. Fremu ya tangazo, ile inayouliza "nani mwenye anwani hii?", hutolewa kwenye kila tundu isipokuwa lile ililoingilia, na wewe umeshaifungulia njia ya kurudi. Pakiti ya IP ina heri: huzaliwa na umri wake, kila ruta inapunguza moja, ukifika sifuri inazikwa. Fremu ya Ethaneti haijui kufa. Itazunguka, itazaa, na watoto watazunguka na mama yao, hadi taa zote za swichi zipepese kwa pamoja kama mapambo ya ukumbi wa arusi. Hapo mpigie kijana wa IT. Haitaita, simu nazo zinapita humohumo.

Kikwazo chako ni kimoja: STP. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa Digital Equipment, alibuni itifaki hiyo ya kuugeuza mtandao kuwa mti, maana matawi ya mti hayarudi kuungana. Swichi husalimiana kila sekunde 2, zinachagua mmoja wao awe mzizi, kisha kila njia ya ziada inafungwa na kuwekwa akiba. Waya wako ungezibwa kimyakimya, na hakuna ambaye angejua uliingia chumbani humo.

Kwa hiyo izime. Sababu haikosekani: kwa STP ya zamani, tundu jipya hukaa sekunde 15 likisikiliza na 15 nyingine likijifunza, na bosi hajazoea kusubiri. Kompyuta yake imechoka kungoja kupewa anwani, imejipa ya 169.254, naye ameanza kuuliza wewe unalipwa kwa kazi gani. Kuna wanaowasha RSTP, STP ya kasi iliyopo tangu 2001. Kuna wanaoweka PortFast kwenye matundu ya watumiaji ili yasisubiri, na juu yake mlinzi wa BPDU anayelifunga tundu mara tu salamu ya swichi inapoingia pasipostahili. Hao ni watu wa kusoma vitabu. Wewe futa yote, usifiwe leo.

Ukishindwa kuizima, iache ilivyotoka kwenye boksi. Katika uchaguzi wa mzizi mwenye namba ndogo ya kipaumbele ndiye mshindi, na wagombea wote wanakuja na 32768. Sare hiyo huamuliwa kwa anwani ya MAC, ndogo tena ikishinda, na mara nyingi ndogo ni ya swichi kongwe. Basi mtandao ulionunuliwa kwa mamilioni utatawaliwa na mzee wa stoo, mwenye vumbi la miaka, anayegombania soketi na birika la chai. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Huu wako unang'olewa kila saa nne asubuhi, mtu akitaka maji ya moto. Kuandika 4096 kwenye swichi ya kati na 8192 kwa msaidizi wake ni kazi ya dakika moja, ila chai nayo ina wenyewe.

Mwenye ndoto kubwa aunganishe swichi kwa swichi, mkia kwa kichwa, bila kuhesabu. Kiwango cha zamani kilishauri zisizidi 7 kutoka ncha hadi ncha. Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston, ilikuwa imekua kupita ukomo huo. Mtandao ukaanguka, na kwa siku kama nne madaktari wakarudi kwenye karatasi. Mkuu wao wa teknolojia, John Halamka, alisimulia hadharani yaliyowakuta. Huo ni uungwana, wewe usiuige.

Fundi atakapopiga magoti chini ya meza, simama kando ushangae pamoja na wengine. Atauchomoa waya, taa zitatulia, atashukuriwa, ataondoka. Kichwa kimoja kitabaki ukutani, kingine kikining'inia.