Nunueni Ampli Yenye Makovu

Muuzaji wa vitu vya okazio mjini Lubumbashi ana jicho kali, ila halitumii kwa mali yake. Ampli ya besi anayoiuza imechanika kitambaa cha mbele, kitufe kimoja kimeng'oka na mahali pake pamekaa kifuniko cha chupa, mpini ni kipande cha mkanda wa gari, yeye anasema, "Iko muzuri, papa, iko mupya." Sasa mpe noti ya dola hamsini. Ataiinua juani, ataigeuza, ataipapasa kingo zote nne, na akikuta imechanika kidogo tu atakurudishia, kwa kuwa hiyo, bwana, ni noti mbovu. Simlaumu. Anajua anachokagua. Anayenisikitisha ni mnunuzi, ambaye naye hukagua, lakini hukagua mng'ao: anaipita ile yenye kifuniko cha chupa na kukumbatia ile ya jirani yake iliyopanguswa vumbi na kupakwa kiwi. Mimi nadai kwamba inayong'aa ndiyo ya kuogopwa, na kwamba makovu, yakisomwa vizuri, ndiyo hati pekee ya kuaminika katika biashara hii isiyo na risiti.

Chukua kwaya iliyotumwa mjini kutoka Kilwa (Kilwa ya ukingo wa Ziwa Mweru, teritwari ya Pweto, si ile ya pwani ya Tanzania) na michango ya waamini kwenye bahasha. Wanachokinunua kitaishi kwa umeme wa nchi hii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Katanga imeunganishwa na bwawa la Inga kwa waya wa kilomita 1,700 hivi unaoishia Kolwezi, mmoja wa mirefu kabisa duniani, na bado mwenyeji wa Lubumbashi hapangi sherehe bila kuuliza kwanza habari za delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme ukikatika si neno. Taabu ni namna unavyorudi. Huja umepungua hadi taa ikawa nyekundu, au huja na hasira. Ampli iliyokaa miaka mingi katika hali hiyo imefanya mtihani ambao hakuna kiwanda kinachoutoa. Ile safi iliyoshuka juzi kwenye kontena haijaufanya, na kama imetoka Marekani, pengine tumbo lake linataka volti 120. Ichomeke kwenye 220 uone: itatoa sauti moja nzito kuliko zote ilizowahi kutoa, kisha moshi, kisha mjadala mrefu kuhusu nani aliyeichomeka.

Mtu makini atanipinga hapa: kovu si dalili ya uzima tu, ni dalili ya ugonjwa pia, na ampli iliyofunguliwa mara tano huenda itafunguliwa mara ya sita. Kweli. Ndiyo maana nimesema makovu yasomwe. Skurubu zilizokwaruzwa vichwa zinasema kuna fundi aliyeweza kuingia na kutoka, na hiyo ni habari njema, maana ampli nyingi za kisasa, zile nyepesi, zimejaa vipande vidogo kama punje vilivyogandishwa kwenye ubao mmoja, na kikiungua kimoja fundi hukuangalia kwa huruma tu. Ya zamani ina transfoma ya chuma na shaba, nzito ya kuvunja kiuno, lakini ikiungua inaweza kusukwa upya. (Shaba yenyewe huenda ilichimbwa hapa hapa, ikapita mpaka wa Kasumbalesa juu ya lori, ikavuka bahari, na sasa mwana wa nchi anainunua tena kwa dola zisizochanika.) Kovu la kukimbia ni moja. Fungua kishikio cha fyuzi. Ukikuta fyuzi, endelea kupatana bei. Ukikuta uzi wa shaba uliosokotwa na mtu aliyechoka kununua fyuzi, funga polepole, shukuru, ondoka: mwenye chombo hicho amekinyang'anya haki ya kufa kidogo, na siku yake ikifika kitakufa chote.

Kuhusu wati nitasema machache, ingawa wauzaji husema mengi. Wati zilizoandikwa mgongoni ni sawa na sifa za marehemu msibani: hakuna anayezipinga, hakuna anayezihakiki. Mara nyingi ni za kilele, za sehemu ya sekunde. Hata zikiwa za kweli, kutoka wati 100 hadi 200 sikio hupata nyongeza ya desibeli 3 tu, tofauti ambayo mpiga ngoma ataimeza bila kujua. Ili sauti isikike maradufu, nguvu inatakiwa iongezeke karibu mara kumi. Mwaka 1952, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, besi yote ilikuwa dole gumba kwenye gitaa kavu, wati sifuri, na rekodi hizo zilivuka mipaka. Naam, Mwenda hakushindana na kwaya ya watu arobaini na kinanda. Lakini hata anayeshindana nao atasaidiwa zaidi na spika nzima kuliko tarakimu kubwa.

Na spika ndiyo isiyojaribiwa. Muuzaji atachomeka simu na kuweka wimbo, nanyi mtacheza kidogo, na mtihani umekwisha. Wimbo wa simu hausemi kitu. Uzi mnene wa gitaa la besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na hapo ndipo karatasi iliyopasuka huanza kukoroma na koili iliyopinda kukwaruza. Upigwe uzi huo mmoja, polepole, kwanza kwa sauti ya chini, kisha iongezwe. Mwenye mita ya umeme aipime spika ikiwa imechomolewa: ya omu 8 husoma kama 6, isiposoma kitu, mmeuziwa sanduku.

Yamebaki malalamiko ya uzito, na hayo ni ya haki, kwa sababu barabara ya Kasenga hadi Kilwa ina desturi ya kulegeza kila kilichofungwa, na kilo 40 hazijibebi. Ila uko uzito mwingine, ule wa sauti, wenye faida kabla ya safari. Wimbi la uzi wa chini lina urefu wa mita 8 hivi, ukuta wa tofali haulizuii. Kwa hiyo mtu anayeijua ampli hiyo kuliko muuzaji, kuliko fundi, ni mama wa nyumba ya pili. Hajawahi kuiona. Lakini anajua miaka iliyopigwa, anajua ilikatika kwenye ndoa ya nani, na ilikaa kwa fundi wiki ngapi, wiki anazozikumbuka kwa furaha. Mwulizeni yeye kabla ya kutoa dola. Akiuliza inakwenda wapi, semeni Kilwa, atawasaidia kuibeba.