YAH: Muswada Uliorudishwa kwa Sababu ya Mkato

Kwa Waheshimiwa Wahariri wa Majarida ya Kitaaluma, popote walipo.

Marejeleo ni orodha inayowekwa mwisho wa makala ya kitaaluma ili msomaji akitilia shaka jambo aende kulitazama lilikotoka. Kwa kazi hiyo yanatosha mambo manne: nani aliandika, mwaka gani, aliipa kazi yake jina gani, na ilichapwa wapi. Mwenye manne hayo hukipata kitabu hata kama mkato umekaa mahali pa nukta. Waheshimiwa wahariri wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana wanastahili kuelezwa, kwa heshima na taadhima, kinachoupata muswada ukifika mezani kwao.

Muswada hurudishwa. Haurudishwi kwa kuwa hoja zake ni dhaifu au data zake ni za kubuni, kwani kulijua hilo kungemlazimu mtu ausome. Hurudishwa kwa kuwa mwaka umo ndani ya mabano na jarida linautaka nje, au kwa kuwa nambari ya toleo imelazwa pamoja na ya juzuu ilhali ilitakiwa isimame wima. Barua ya kuurudisha huanza kwa shukrani na kuishia kwenye mwongozo wa waandishi, ambao mfano wake wa tatu hupingana na wa kwanza. Mwandishi hurekebisha, hutuma tena, husubiri miezi, kisha makala hukataliwa kwa sababu nyingine kabisa. Jarida la pili lina mwongozo wake.

Asili ya mambo haya haina ubaya. Mwaka 1881 Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitia jina la mwandishi na mwaka kwenye mabano ndani ya matini. Huo ndio mzizi wa mtindo uitwao Harvard, ambao hadi leo hauna mwongozo mmoja rasmi, hivyo kila jarida linalodai Harvard hudai Harvard yake. Mtindo wa APA, yaani wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa 7. Sasa ni kitabu cha kurasa zaidi ya 400. Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, ili mwandishi awe na utaratibu mmoja wa kutuma kazi yake kwa majarida yao. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba uliongezeka mtindo mmoja. Hazina ya mitindo inayotumiwa na programu ya marejeleo iitwayo Zotero sasa ina mafaili zaidi ya 10,000, ingawa mengi ni majina tofauti ya mtindo uleule, jambo linalofanya aibu iwe kubwa zaidi.

Mitindo yenyewe nayo hubadili nia. Toleo la APA la mwaka 2009 lilidai mji wa mchapishaji. La mwaka 2019 likaufuta. Mtindo wa Chicago nao uliacha kuudai kwa vitabu vingi mwaka 2024. Waliokesha wakichunguza kama kitabu fulani cha Oxford University Press kilitoka Oxford, London au Nairobi hawajaombwa radhi.

Majina ya watu ni sura ya pekee. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi mashuhuri mwaka 1858. Mtindo unaotaka jina la ukoo litangulie na mengine yawe herufi za mwanzo humgeuza kuwa “Mshamu, M. K. B.”, na utenzi wa mama kwa bintiye unakuwa umetungwa na babu. Mwandishi akiliandika jina kama lilivyo, hukumbushwa kuzingatia usawa wa orodha.

Anayefanya usafi huu wote ni mhadhiri mwenye madarasa yaliyofurika, rundo la mitihani ya kusahihisha, na cheo kinachongoja makala hiyohiyo. Usiku wake unaliwa na nukta. Huo si ukali wa kitaaluma hata kidogo. Ni ubabe wa bawabu asiyejua sherehe ya ndani inahusu nini. Tafadhali maneno hayo yasichukuliwe vibaya. Wahariri wengi hufanya kazi hiyo bila malipo, na uvumilivu wao unafahamika.

Maombi ni machache. Muswada upokelewe kwa mtindo wowote ulio thabiti, na upangwe upya ukishakubaliwa. Jarida la Free Radical Biology and Medicine lilianza kufanya hivyo mwaka 2011 na sayansi ingali imesimama. Tovuti isidaiwe nambari za kurasa. Bin na binti waachwe na wazazi wao.

Ombi la nne ni mkutano wa Vancouver kurudiwa, safari hii katika kisiwa cha Changuu, Zanzibar, penye jengo lililojengwa miaka ya 1890 liwe gereza, likaishia kuwa karantini. Wahariri watavushwa kwa boti kutoka Forodhani. Programu zao za marejeleo zitabaki ng’ambo. Kila mmoja atapewa orodha iliyopangwa kwa mtindo wa jarida la mwenzake, aigeuze kwa mkono iwe ya kwake, kisha aipeleke kwenye dirisha la jiko. Pilau itapakuliwa kwa orodha isiyo na dosari. Aliyeweka nukta baada ya kifupisho kisichoihitaji atashukuriwa kwa kulichagua jiko hili na kurudishwa mwisho wa foleni. Asiye na dosari ataarifiwa kwamba pilau yake imepelekwa kwa wapitiaji wawili wasiotajwa majina. Wa kwanza ataisifu na kutaka chumvi. Wa pili atataka itajwe pilau aliyowahi kupika yeye. Ikikataliwa, mhusika ataelekezwa jiko ndugu upande wa pili wa ua, lenye mwongozo wake. Saa itashikwa na kobe wakubwa wa kisiwani, wenye asili ya Shelisheli, viumbe pekee wanaoweza kungoja majibu ya jarida bila kupitwa na umri wa kustaafu. Ajenda itakuwa moja: kinachofuata baada ya mwaka ni mkato au nukta. Boti itarudi watakapokubaliana wote, na muhtasari uwe na marejeleo.

Gharama zitatoka kwenye ada ya uchapishaji, ambayo baadhi ya majarida huidai kabla ya kuusoma ukurasa wa kwanza. Risiti yake hupokelewa kwa mtindo wowote, ila hiyo ina barua yake.