Sifa za dash, Mkalimani Mwenye Roho Mbaya

Wengine wamsifu simba, wengine mwezi. Mimi, kwa niaba ya mafundi wa kompyuta wa Segerea Mwisho, namsifu dash, mkalimani wa amri anayejificha nyuma ya jina /bin/sh kwenye Ubuntu. Mwenye kuudhi kama huyu hajapatikana.

Mwangalieni bash, mkalimani mwenzake aliyetoka mwaka 1989: mkarimu, anapokea mabano mawili ya mraba, orodha, neno source, chochote umpacho. Ukarimu huo umetuharibia vijana. Fundi anaandika skripti ya kunakili mauzo ya duka la dawa, anaweka #!/bin/sh juu kwa mazoea, anaijaribu kwenye laptopu yake ya Fedora ambako sh ni bash yuleyule, inakwenda kama maji. Anaihamishia kwenye seva ya mteja, yenye Ubuntu. Usiku cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, inamwamsha dash.

Hapo ndipo adabu yake inapoonekana. Akikuta [[ hagombi wala hasimamishi kazi, ananung'unika "not found" mahali pasiposomwa na mtu, anachukulia jibu ni hapana, anasonga mbele. Asubuhi nakala haipo. Na palipoandikwa echo -e, anaichapa hiyo -e vilevile, mpaka mwenye duka anauliza ni sarafu ya nchi gani.

Tena si mzigo: hafikii KB 200, wakati bash anapita MB 1. Ndiyo maana Ubuntu 6.10, Oktoba 2006, ilimpa kiti ili mashine ziwake upesi. Kama mwenye nyumba wa Dar anayetaka kodi ya miezi sita mkononi, hataki maelezo. Anataka kilichoandikwa kwenye kanuni za POSIX za 1992. Alama ya = iwe moja. Badala ya source, nukta. Ukimtii, skripti yako itatembea hata kwenye Mac, ambako bash amegandishwa kwenye toleo la 3.2 kwa sababu ya leseni.

Wapo wanaomkwepa. Wanabadilisha mstari wa kwanza kuwa #!/bin/bash (dawa halali, sikatai), wanalipwa, wanapanda daladala ya Kariakoo. Kumbe mteja keshanunua kile kirauta kidogo chenye BusyBox, kile kifurushi cha zana za amri kwa vifaa vidogo, ambamo bash hayumo kabisa, na anataka skripti ileile. Simu inaita kabla hawajafika Buguruni.