Taa ya Nyuma ya Nini?

Nampongeza mwendesha baiskeli wa barabara ya Bunda kwenda Musoma, anayeipita Kiabakari usiku na magunia mawili ya mkaa, bila taa ya nyuma. Taa kali ni majivuno. Ya nini kumtangazia habari zako mtu wa nyuma, tena asiyekujua?

Msiseme hana vifaa. Kwenye madigadi ipo riflekta nyekundu, imelala salama chini ya gunia isije ikachubuka. Wengine wamening'iniza CD ya zamani ya kwaya: ikigeuka vizuri inang'aa, isipogeuka, basi, Mungu yupo. Na mkaa mweusi, juu ya lami nyeusi, katika usiku mweusi! Rangi zimeoana kuliko sare za harusi.

Waacheni wavuvi na ushamba wao. Usiku usio na mwezi wanajaza taa ziwani, eti dagaa waone. Dagaa! Na mwaka 1961, chini ya mwana wa Butiama, Mwenge ulipandishwa hadi kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Mwanga ukishafika kule juu, huku Makutano mnataka wa nini tena?

Dereva wa basi akilalamika kwamba hakuona, mwulizeni zile taa nne za kwenye bampa alizifunga za nini. Naye muuza taa ndogo nyekundu zinazopepesa apunguze kelele. Mteja amekwisha kununua kengele.