Sifa za Tone

Washairi wetu wamesifu embe, wamesifu jahazi, wamesifu mpaka mwendo wa majirani zao. Tone la oili chini ya gia boksi ya Land Rover kuukuu halijapata hata ubeti mmoja, nami naona ni dhuluma.

Gari langu ni Series III, lile refu, la miaka ya 70. Kila asubuhi nikitoka nje nakuta tone limeshatangulia, jeusi, linang'aa juu ya katoni ya sabuni niliyoitandika chini, na harufu yake ile ya kiberiti inayochefua kabla ya chai. Jogoo wa jirani siku hizi anawika saa nane za usiku. Tone halijawahi kukosea zamu.

Wanaolidharau wakawaulize waliolitengeneza gari. Chini ya nyumba ya klachi, wahandisi wa Solihull kule Uingereza waliacha tundu kwa makusudi. Kizibo chake kipo, lakini unakifunga siku ya kuvuka mto tu. Ukishavuka unakitoa tena, ili oili inayopenya ipate pa kutokea isije ikalowesha klachi. Nyumba ngapi mjini zimejengwa na mlango maalumu wa mgeni asiyealikwa?

Tena tone linafundisha. Gia boksi hii inabeba lita 1.5 tu, na transfa iliyo nyuma yake lita 2.5, na haba na haba humwaga kibaba pia. Basi kila Jumamosi nalala chali uvunguni nikipima. Huko ndiko nilikoona kwamba chasisi, ambayo kwa wenzangu imeliwa na kutu huku bodi ya aluminiamu ikishangaa, yangu imepakwa mafuta na upepo wa barabarani bila mimi kutoa senti. (Nasema kuanzia gia boksi kwenda nyuma. Mbele tusiangalie.)

Tone limenipatia na jiwe. Handbreki ya gari hili haiko magurudumuni. Iko kwenye ngoma nyuma ya transfa, na sili inayovuja imekaa mlemle. Oili ikishaingia kwenye ngoma, kuvuta handbreki kunabaki kuwa adabu tu. Ndipo likapatikana jiwe la kuzuia tairi. Sasa lina mahali pake nyuma ya siti, na mdogo wangu alipotaka kuliinjikia sufuria, mama watoto alimkatalia katakata.

Mwezi uliopita nilijisahau nikalipeleka gari kwa fundi. "Kaka, hapa hakuna kazi, sili tu." Ikatoka propela shafti, ikatoka ngoma, ikatoka flanji. Kwenye shingo ya flanji sili ya zamani ilikuwa imechimba mfereji unaouhisi kwa ukucha. Fundi akaipachika mpya bila kuizamisha mpaka mwisho, ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima. Kisha akazibua tundu la kupumulia lililojaa tope, maana gia boksi ikipata moto, pumzi isipoona njia hupitia penye sili. Ni fundi hodari, sina neno naye.

Siku tatu katoni ikawa kavu. Nikakonda. Usiku niliamka mara mbili na tochi, nikafungua kizibo cha kupimia, nikachovya kidole, oili ipo, nikafunga, nikarudi kulala, nikaamka tena. Mama watoto akauliza gari linaumwa nini. Nikamwambia limepona, ndiyo shida yenyewe.

Siku ya nne nikakuta doa. Si pale pa zamani. Mbele kidogo, chini kabisa ya lile tundu la Solihull. Nikampigia fundi. "Hiyo sasa sili ya mbele, kaka. Mpaka gia boksi itoke, na siti zitoke, na sakafu itoke."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaisogeza katoni nusu mita mbele.