Chemshabongo ya Bure

Nasikia kuna watu wanalipia michezo ya chemshabongo kwenye simu, eti akili isiote kutu. Masikini! Waje Rumonge, huku Burundi tunachemshwa bure.

Swali la kwanza: unaishi mkoa gani? Mzee wa mtaani kwetu analala kitanda kilekile siku zote. Alilala Bururi, mwaka 2015 akaamka mkoa wa Rumonge, 2025 mikoa 18 ikakunjwa ikawa 5, akajikuta Burunga. Hajahamisha hata chungu.

La pili ni la mafuta, na hilo lina ladha. Ya mawese yapo, dumu la njano juu ya dumu la njano, michikichi imetuzunguka. Ya gari sasa! Miaka hii pampu hukauka majuma kwa majuma. Abiria wa Bujumbura, safari isiyofika kilomita 80, anapiga hesabu: nauli ya jana, nauli ya leo, na nauli ya dereva akishakutazama viatu. Nilimuuliza dereva mmoja, "Kaka, petroli umeipata wapi?" Akageuka ziwani, kwenye milima ya Kongo, akakohoa. Nikaelewa. Somo hilo nimefuzu.

La tatu ni la wakaao ufukweni: ziwa likipanda hadi mlangoni, mtumbwi ufungwe kwenye nguzo ya gati au ya sebule?

Wakubwa hawashiriki. Hupita matangi yamejaa, vioo vimepandishwa. Nawaonea huruma, akili zao zinapumzika mno.